Picha ya Ubongo wa Bibi

Nyakisasa, Ngara

Dada Adela,

Pokea shikamoo yangu kutoka huku kwenye mvua na ndizi kwa maharage kila mlo.

Jana Shangazi na Bibi walirudi kutoka hospitali na picha ya ubongo wa Bibi. Ni Alzaima, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Daktari alieleza kuwa protini iitwayo tau hujisokota ndani ya seli hadi zinakufa. Picha hii haionyeshi tau yenyewe, inaonyesha tu mahali ubongo uliposinyaa. Shangazi akaogopa kwamba Bibi ataharibu mbegu, akamnyang'anya ungo wa maharage ya kupanda, akanipa mimi nichague. Unajua mbegu za nyumba hii huchaguliwa na Bibi peke yake. Alibaki mkekani, mikono mitupu, nami niliona aibu kumtazama.

Baadaye akainua picha juani. "Kichwa cha nani hiki?"

"Chako, Bibi."

"Mbona hakina kilemba?"

Tukacheka. Kisha akanyoosha kidole kwenye ungo wangu. "Na wewe binti, jina lako limenitoka, lakini maharage uliyochagua yametobolewa. Unataka tuvune wadudu?"

Nikatazama vizuri. Kweli, mengi yalikuwa na vitundu! Shangazi akamrudishia ungo, nami nikashushwa cheo, sasa nafukuza kuku.

Njoo likizo, Dada, usiogope. Huenda akakuita kwa jina la mtu mwingine, ila atakushibisha na kukukumbatia mpaka ukose pumzi.

Mdogo wako akupendaye,
Editha