Nusu Shari

Kaka yangu mpenzi,

Salamu zikufikie hapo mahabusu, kama askari wa zamu atakuwa ameshamaliza kuzisoma. Hujambo? Mbavu zinaendeleaje? Na ule mkono uliovimba, unafunga vifungo vya shati mwenyewe au bado unamsumbua mwenzio wa selo? Sisi huku hatujambo, kwa kusema tu. Mama anakula kwa kushurutishwa. Mke wa marehemu mdogo wetu amerudi kwao na watoto. Mimi ni mzima, ila nina nyuzi sita kwenye paji la uso, na zilikotoka nitakueleza.

Wakili ametuambia unatoka Ijumaa, kwa sababu Taratibu, yule mwendesha mtambo uliyempiga, amekataa kukushtaki. Kawaandikia polisi kwamba alianguka kwenye ngazi. Mtu jicho limetoka, taya limefungwa waya, anasema ni ngazi! Wakili akaniambia pia, huku akitazama viatu vyake, kwamba ulipopewa habari hiyo ulicheka, ukasema vizuri, basi utakwenda hospitali kummalizia. Kaka, nakujua. Ulipokuwa na miaka kumi na miwili uliapa kumng'oa meno jirani aliyempiga Mziwanda wetu, na ukamng'oa. Ndiyo maana nakuandikia leo Jumatano, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaichana.

Kwanza nikueleze kazi yangu, ambayo siku zote umeiita kazi ya kubonyezabonyeza. Ile kompyuta ya kiwandani inayoendesha mkono wa chuma, ule unaobeba mabati kuyapeleka kwenye mashine ya kukunjia, haina kazi moja. Kuna programu ya mkono na kuna programu ya tanuri, na zote zinagombea kichwa kimoja. Mimi naandika kiini, yaani programu kubwa inayozigawia zamu: wewe toka, wewe ingia, mara elfu kwa sekunde. Kando ya kichwa hicho kuna sehemu inayofanya hesabu za desimali tu, na ina nafasi chache mno za kuwekea nambari. Fikiria ubao mmoja wa chaki unaotumiwa na mafundi wawili. Kabla wa pili hajaandika, lazima mtu anakili hesabu za wa kwanza, ili akirudi aandikiwe upya kama alivyoziacha. Mtu huyo ni kiini. Kunakili kunakula muda, kwa hiyo tunachelewesha, hatunakili mpaka fundi wa pili aguse chaki. Wenyewe tunauita uvivu, na ni uvivu wa halali. Sharti lake ni moja tu: kiini chenyewe kisishike chaki, maana kikishika hakuna wa kumnakilia yule aliyekuwa akiandika.

Mwezi uliopita mkuu wangu alilalamika kuwa kipimo cha joto la tanuri kinarukaruka. Nikaongeza mstari mmoja ndani ya kiini: chukua vipimo viwili, vijumlishe, zidisha kwa nusu. Nusu, Kaka. Sifuri nukta tano. Kipara, ninayekaa naye meza moja, aliuona, akaniambia nimeshika chaki. Nikamjibu kwa mzaha kwamba nusu shari ni heri kuliko shari kamili, na kwamba nitaurekebisha baadaye. Mtambo ulikwenda wiki mbili bila kukohoa, nami nikausahau mstari wangu.

Siku ya msiba, saa nne asubuhi, Mziwanda alikuwa nje ya mstari wa njano wa usalama, hatua mbili nyuma yake, anajifuta mafuta mikononi na kumtania Taratibu kwamba siku akiharakisha itanyesha mvua ya mawe. Unajua walivyompa jina hilo: habonyezi kitufe kabla hajaangalia kulia, kushoto, na kulia tena. Aliangalia. Akabonyeza. Mkono ukainua bati, ukaanza kuzunguka kwenda mahali pake pa kusimama, mita moja na robo. Papo hapo kipimo cha tanuri kikaita, kiini kikaamka, kikafanya hesabu yake juu ya ubao uliokuwa na nambari za mkono. Programu ya mkono iliporudi haikujua lolote. Ilikuta mia sita na arobaini, joto la tanuri, ikaamini hizo ndizo mita zake.

Mkono ukavuka mstari kwa kasi yake yote. Bati likampata ndugu yetu chini ya kwapa, likambana ukutani, na kwa kuwa mita mia sita zilikuwa hazijatimia, mkono ukaendelea kusukuma. Taratibu akapiga kitufe chekundu, lakini nacho hupitia kompyuta ileile. Ikabidi akimbie mpaka mwisho wa karakana kuvuta swichi kuu, na muda wote huo mkono ulikuwa ukisukuma. Nilifika nikakuta damu imeruka mpaka kwenye taa. Mziwanda alikuwa hai bado. Alinitazama kama mtu aliyeudhiwa, kisha akafa. Uliponiuliza nilikudanganya kwamba alikufa palepale.

Kabla ya saa sita kiwanda kilishabandika tangazo: kosa la mwendeshaji. Taratibu mwenyewe alikubali. Alisema kidole kilikuwa chake, pengine siku hiyo hakuangalia vizuri. Watu wakamtemea mate akivuka uwanja, na siku ya tatu ukamsubiri getini na nondo.

Sasa nimefika kwenye lile lililonifanya nichane karatasi nne. Kesho yake baada ya kifo, mchana, nyumba ya Mama ikiwa imejaa watu, niliwaaga kwamba nakwenda kuchukua nguo za marehemu kazini. Nilikwenda kufungua kumbukumbu za mtambo. Nikaiona ile mia sita na arobaini mahali pa mita moja na robo. Nikaifuata ilikotoka, hatua kwa hatua, mpaka nikaufikia mstari wangu. Nikaichapisha karatasi, nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa sketi. Siku ya pili yake, getini, ilikuwa mfukoni humo humo.

Ndiyo, nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya kibanda cha mlinzi. Nilikuona unamshushia ya kwanza begani, nikamwona anarudisha mikono nyuma, hakukinga hata uso. Kaka, neno moja lingetosha. Ya tano ndiyo iliyolitoa jicho. Taya lilipovunjika nililisikia mpaka pale nilipokuwa, nikaishika ile karatasi, nikaona kwamba nikiitoa nondo itanigeukia mimi. Basi nikakuacha uendelee. Niliogopa, sina neno jingine la kuliremba. Nilikuacha umvunje mtu asiye na hatia kwa dhambi yangu, kisha nikakuacha upigwe virungu na kutiwa kwenye karandinga la polisi, nikarudi nyumbani kumsaidia Mama kukulilia.

Jumatatu hii nilishindwa kuvumilia, nikamwonyesha mkuu wangu karatasi. Alinishauri kwa upole kwamba karatasi huungua. Nilipokataa akanishika shingo akitaka kuninyang'anya, nami nikamng'ata kiganja mpaka meno yakakutana. Usinicheke, ni wewe uliyenifundisha.

Jana nikaenda hospitali. Nilimweleza Taratibu yote kama nilivyokueleza, ubao na chaki. Akaashiria nirudie. Nikarudia, na nikamwambia habari ya kibanda cha mlinzi pia. Akachukua kikombe cha bati kilichokuwa mezani akanipiga nacho usoni mara mbili, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Nesi alikuja mbio, nikamzuia asimguse. Kisha akaomba kalamu, akaandika: Kwa hiyo niliangalia? Nikamwambia ndiyo, uliangalia. Akaandika tena swali lilelile, nikamjibu tena, mara tatu. Akageukia ukutani akalia kwa jicho moja.

Mama nitamwambia jioni hii. Kesho asubuhi napeleka karatasi polisi, na mimi nikiwa nyuma yake. Kwa hiyo Ijumaa ukitoka, usimguse yule mtu. Hasira unayo, najua, na anayeistahili sasa unamjua. Utanikuta hapo hapo unapotoka, na itabidi uombe ruhusa ya askari ili unifikie.

Msalimie mwenzio wa selo, mwambie pole kwa vifungo. Mpe Mama mabega yako, maana atayahitaji. Sikuombi unisamehe.

Ni mimi, dada yako, niliyemuua Mziwanda wetu, kisha nikakuachia wewe mtu wa kumpiga.