Dawa ya Ini Niliyoikataa Dirishani

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo, na kama umesimama tafuta kiti, maana habari niliyo nayo ni nzuri mpaka inaniwasha mdomo, ila imeniletea ugomvi ndani ya nyumba na nataka mtu mwenye akili zake aniambie nani ana haki, mimi au mke wangu.

Mimi nauza spea za magari, na si wa kubahatisha, ukiniletea beringi nikaipapasa tu nimefumba macho nakwambia hii ni orijino au imefyatuliwa uchochoroni, shule niliiacha mapema lakini mafundi wenye vyeti ukutani ndio wanaokuja kuniuliza, wananiita Profesa wa Chuma, mipaka nimevuka mpaka maofisa wake wananisalimia kwa utani. Sasa Shangazi, mimi naishi na virusi vya ukimwi miaka mingi, sifichi, nameza ARV zangu kila jioni na vipimo vinasema virusi havionekani, mke wangu yeye hana, kila akipima hana, na tunapendana kama njiwa, tena njiwa wanene.

Juzi kliniki wakanipima damu wakakuta nina homa ya ini, ile aina ya C, nikakaa kwenye benchi nimenywea kama tairi lenye pancha, nikiwaza sasa wamenivamia wawili, mmoja kwenye damu, mwingine kwenye ini. Sista wa pale, mama mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, akanishika bega.

"Baba, inua kichwa. Huyu wa ini anaondoka. Unameza vidonge miezi mitatu, kwisha habari yake."

"Sista, usinitanie, mimi mtu mzima."

"Nikutanie nini? Zamani zilikuwa sindano karibu mwaka mzima, na wengi ziliwashinda. Siku hizi ni vidonge, na bei imeshuka mpaka kliniki kama hii yetu tunavyo."

Shangazi, niliruka! Niliruka mle ndani mpaka mzee mmoja mwenye mkongojo akauliza nimeshinda bahati nasibu gani. Kupona! Mimi niliyezoea ugonjwa wa kukaa nao kama mpangaji asiyehama, leo naambiwa kuna mmoja anafungasha virago!

Mambo yakaharibikia kwenye dirisha la dawa. Mfamasia, dada mpole mwenye miwani, akanisukumia kichupa cheupe, karatasi yake haina hata urembo, na jina si lile nililoliona kwenye simu. Nikakigeuza, nikakitikisa, nikamuuliza, "Dada, hii ni ya kampuni iliyoigundua?" Akasema, "Hapana, ni ya kiwanda kingine, lakini dawa ni ileile." Shangazi, hilo neno "ni ileile" ndilo analolisema kila tapeli wa sokoni kwetu akitaka kukuuzia breki pedi za kadibodi! Nikamrudishia kichupa kwa heshima zote, nikamwambia ini langu haliwekwi kopi.

Nikaingia sokoni mwenyewe, maana soko ndilo kwetu. Nikampata bwana mmoja tunamwita Ndugu Marashi kwa jinsi anavyonukia, anauza dawa kutoka kwenye buti la gari lake. Boksi lake Shangazi, lau ungeliona! Linang'aa, limebandikwa lakiri ya dhahabu. Akaniambia, "Profesa, hii ndiyo yenyewe. Ila ARV zako weka kando mpaka umalize, zisije zikapigana tumboni." Nikaona ana akili, maana hata injini huiwekei oili mbili kwa mpigo. Jumatatu ananiletea, na wagonjwa wenzangu pale kliniki nimeshawaahidi kuwaletea na wao, bila faida yoyote, roho yangu ndivyo ilivyo.

Nikampelekea mke wangu habari njema, akaacha kukunja nguo.

"Uache ARV? Na mimi je?"

"Miezi mitatu tu, mama watoto."

"Basi miezi mitatu hiyo ulale na boksi lako la dhahabu."

Amehamia chumba cha watoto, na mto wangu mzuri kaondoka nao. Shangazi, nina furaha ya kupasua kifua na sina wa kufurahi naye. Mwambie asiniharibie sherehe. Au kama nimekosea, niambie mimi, lakini taratibu.

Profesa wa Chuma

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Profesa, na hongera. Niliposoma kwamba umeruka, na mimi nusura nimwage chai. Una haki ya kuruka, sista wako hakukudanganya, homa ya ini C inatibika, hata kwa mtu anayeishi na virusi vya ukimwi. Sasa keti chini, maana hiyo taratibu uliyoiomba mimi sina.

Mkeo ana haki, tena haki yote. Virusi vyako havionekani kwa sababu unameza ARV. Ukiziacha, virusi vinaamka, na wa kwanza kuwa hatarini ni yeye aliyekuwa anakunja nguo zako. Ulipomwambia "miezi mitatu tu", ulikuwa unamwomba akae hatarini ili wewe ufurahie boksi. Na ini lenyewe litaumia haraka zaidi virusi vya ukimwi vikipata nafasi. Ni kweli zipo ARV zisizopatana na baadhi ya vidonge vya ini, lakini dawa yake ni daktari kukubadilishia mojawapo. Muuza buti hana kazi hapo.

Haya, tuje kwenye ujuzi wako. Beringi nakuachia. Lakini dawa huijui kwa kupapasa, Profesa, hata ukifumba macho na kuziba masikio. Kampuni iliyogundua dawa si peke yake inayoitengeneza. Viwanda vingine huitengeneza kwa ruhusa, kiini kilekile, kiasi kilekile, na mamlaka ya dawa huipima kabla haijafika kwenye lile dirisha. Viwanda vikiwa vingi vinashindana, bei inashuka. Bila hivyo, kaka yangu, ungekuwa unasikia habari za kupona kwa matajiri tu. Wewe umelikimbia jambo lilelile lililokufanya uruke! Na anayetengeneza feki hahangaiki na kidonge, anahangaika na boksi, kwa kuwa anajua wewe unatazama boksi.

Rudi kwa yule dada mwenye miwani umwombe radhi, uchukue kichupa chako. Mwambie kila unachokimeza, mizizi ya kuchemsha, dawa ya kiungulia, vyote, kwa sababu vingine vinaharibu kazi ya vidonge hivi. Uliza kama umepimwa homa ya ini B, maana hiyo hujificha na inaweza kuamka wakati C inatibiwa. Pombe weka mbali. Ukimaliza vidonge usijitangazie ushindi, subiri miezi mitatu mingine upimwe tena, hapo ndipo utajua. Na ukishapona, wembe wako uwe wako, sindano iwe mpya, kwa kuwa homa hii mtu anaweza kuipata tena.

Wale wagonjwa wenzako wa kliniki ndio wananitia wasiwasi. Una mdomo mtamu na watu wanakuamini, na roho yako nzuri iko mbioni kuwapeleka kwa Marashi. Nenda kesho uwaambie umekosea, kwa sauti ileile uliyojisifia. Huyo bwana mwambie humhitaji, na mtaje kliniki, wao wanajua pa kumpeleka.

Kwa mkeo usiende na maelezo. Nenda na mwaliko: twende kliniki pamoja, ukamsikie sista mwenyewe. Akikubali au akinuna, wewe kidonge chako cha leo jioni usikiruke. Kimeze kwanza, halafu ndipo uninunie mimi.