Kaka Yako na Jogoo, Toleo la Ayalandi

Wifi yangu Rehema,

Hapa Wembley mvua haikomi wala hainyeshi sawasawa. Neema alinipeleka maktaba kumsikiliza mzee wa Ayalandi, msimulizi wa hadithi, ili eti nisahau msiba kidogo. Mzee akaanza: "Kwetu msimulizi hualikwa matangani. Marehemu asiyechekesha bado hajaagwa."

Neema akaninong'oneza, "Mama, twende zetu." Mzee akasikia; Kiswahili hajui, ila nyuso zetu alizisoma. "Umefiwa na nani, mama?"

Nikasimulia, Neema akitafsiri, jinsi mume wangu alivyonunua jogoo sokoni akajisifu njia nzima, kumbe ni jogoo wetu, kaibwa asubuhi ile. Watu wakacheka. Neema, ambaye hakuwa amecheka tangu tumzike baba yake, alicheka hadi tafsiri ikamshinda.

Mzee akaomba ruhusa aichukue, maana kazi yake ni kuokota hadithi kwa huyu na kumpelekea yule. Nikampa. Papo hapo akairudia kwa ufundi, ila jogoo kawa bata bukini, na mume wangu mkulima wa viazi mwenye ndevu nyekundu.

"Mama, baba kawa Mzungu!"

Basi, wifi, kaka yako yu hai Ayalandi, na sokoni wanamwibia kama kawaida. Jifunike vizuri, kifua chako nakijua.

Akupendaye,
Mama Neema