Kizibo Kimoja Tu

Jumanne, 4 Juni

Na hata akirudia mpaka koo limkauke, mimi sikubali. Ati tarumbeta ikapigiwe chooni! Ati chumba tulichopewa ni cha kulala, si cha kupuliza! Wifi alinirushia hayo asubuhi akiwa na pini mdomoni. Anashona huku anatukana, na hata pini moja haidondoki. Kipaji!

Mume wangu (mume wangu! bado naandika neno hili polepole ili nilifaidi) anajaribiwa Jumamosi na ile bendi ya jazi ya zamani inayopiga hotelini. Kiongozi wao wanamwita Kanali, ingawa nasikia hajawahi kushika hata rungu. Ana sharti lake: kila mpiga tarumbeta aje na kizibo kimoja tu. Kizibo ni kile kidude kinachochomekwa kwenye mdomo wa tarumbeta, sauti ibadilike. Wengine huenda na mfuko mzima. Kanali hataki. Kimoja! Kwa hicho ulichochagua, anasema, atajua masikio yako yanasikia nini.

Akipata nafasi ni kazi ya kudumu, na sisi tunahama kutoka kwa Wifi. Mlango wetu wenyewe! Akikosa, tunaendelea kulala ubavuni mwa cherehani.

Basi leo kanipigia viwili, kasimama dirishani, mimi kitandani na shuka mpaka kidevuni. Cha kwanza ni chake cha siku zote: cheusi, kina kikombe mbele. Sauti inakuwa ya mviringo, kama mtu anaimba huku ameshika leso mdomoni. Cha pili kaazimwa dukani: cha alumini, kina mrija katikati. Ukiuchomoa huo mrija sauti inakuwa nyembamba, ya kunong'ona. Lo! Vinyweleo vilinisimama. Nikasema hicho, hicho!

Akacheka. Mpenzi, akasema, kitamu ndiyo, lakini kupiga hivi bila mrija kumekuja baadaye. Nyimbo za Kanali ni za zama za santuri nzito. Wapigaji wa wakati ule wangeshika kikombe.

Nikasema haya, fundi ni wewe. Akanibusu puani. Kikombe, basi. Imekwisha.

Nampenda mpaka najiona mjinga.


Alhamisi, 6 Juni

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nilikuwa nakipangusa kile kizibo cheusi. Nakipangusa kila siku, kwa mapenzi, kama mtoto mchanga. Wifi akapita, akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Endelea, wifi yangu, pangusa. Unajua kimetoka kwa nani?"

Nikasema dukani.

"Dukani!" Akacheka mpaka akashika mlango. "Hicho zawadi ya Sukari."

Sukari ndiye alikuwa mwimbaji wa bendi yake ya kwanza. Na si mwimbaji tu. Walikuwa wachumba. "Gauni lake nilishalikata kwa mikono hii," Wifi akasema, akanionyesha hiyo mikono, kana kwamba nilitaka kuiona. Kisha: "Mwanamke yule alikuwa na mapaja ya kushonewa. Siyo mtu unapima kitambaa, kinabaki."

Nyoka! Nyoka mwenye futi ya kupimia shingoni!

Jioni, kwa sauti tamu kabisa, nikamuuliza mume wangu, roho yangu: hiki cheusi ulikipata wapi? Akasema, "Nilipewa na mtu wa bendi."

Mtu! Mtu wa bendi! Akaendelea kuvua soksi.


Ijumaa, 7 Juni

Roho yangu alipotoka kwenda kazini gereji nilikiangalia kile kizibo vizuri, juani. Nikachungulia ndani ya kikombe. Kuna moyo! Moyo mdogo, mwekundu, umechorwa kwa rangi ya kucha. Kwa hiyo kila anapopiga — kila aliponipigia mimi, kitandani, na shuka kidevuni — moyo wa mwanamke mwingine ulikuwa unatetemeka mle ndani.

Nikachukua beseni. Maji ya moto. Sabuni ya unga, nyingi. Brashi ya viatu. Nikasugua, nikasugua, kisha nikakiacha kilowe, nikaenda kuanika nguo.

Kurudi — Mungu wangu. Kimevimba kama mkate uliomwagiwa chai. Vile vipande vya kubania vya ubavuni vinaelea peke yake. Kadibodi! Kile kidude ni kadibodi iliyoshindiliwa na kupakwa rangi! Nani mwenye akili timamu anatengeneza ala ya muziki kwa kadibodi?

Na ule moyo uko palepale. Haukufifia hata kidogo. Rangi nzuri ya kucha, lazima niseme. Mshenzi.

Aliporudi alikishika, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Wifi alikuwa nyuma yake anajifanya kutafuta mkasi. Nikasubiri anifokee. Nilitaka anifokee! Ningemjibu mambo ya mtu wa bendi.

Akasema tu, "Kilikuwa kimechoka." Kisha, "Nitaenda na cha mrija."

Hakuniuliza kitu. Nikamchukia kwa dakika nzima. Kisha nikaona alivyokishika, kwa mikono miwili, hajui pa kukiweka.


Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya! Mbaya!

Ukumbi wa hoteli mchana hauna maana yoyote. Viti vimepinduliwa juu ya meza, mtu anadeki, harufu ya dawa ya sakafu. Nilikaa nyuma. Roho yangu alivaa shati jeupe la harusi yetu. Mzuri! Hata yule wa kudeki alisimama kuangalia.

Kanali ni mzee mdogo, mkavu, miwani imeshikiliwa kwa uzi. Kampa wimbo wa polepole. Roho yangu akachomeka cha mrija, mrija kauchomoa vile nilivyopenda, akapiga. Mimi nikafumba macho. Kama sikio langu ndilo lingekuwa Kanali, tungehama leo leo.

Kanali akapiga makofi mara moja. Bendi kimya.

"Kijana. Huyu bibi unayempigia amezaliwa lini?"

Roho yangu akasema, wimbo ni wa zamani, mzee.

"Mbona umemvisha suruali ya mjukuu wake?"

Wakacheka. Yule mpiga ngoma, mnene, mwenye kofia, akagonga sahani yake ya shaba — tsa! Kanali hakucheka. Akasema vidole ni vizuri, pumzi ni nzuri, masikio ndiyo haelewi yalibaki wapi. "Nani amekuchagulia hiki?"

"Nimechagua mwenyewe, mzee."

Alisema hivyo! Wazi! Mbele ya watu wote, akajifanya hana masikio kwa ajili yangu. Nikajikuta nimesimama. Nikasema hapana, anacho cha kikombe, nimekiharibu mimi.

"Umekiharibuje, mama?"

"Nimekifua."

Miwani ikanigeukia. Kisha Kanali, taratibu kabisa: "Kwa sabuni?"

Basi. Wakafa kwa kicheko. Mpiga ngoma alilala juu ya ngoma yake. Mwingine akaniuliza kama nina nafasi, ana kinanda kina madoa. Nilitamani niwachomeke vizibo wote, kila mmoja mahali pake.

Kanali akawanyamazisha. Akasema nafasi itabaki wazi mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi, wapo wengine mlangoni. Aje na kikombe. Cha kadibodi. Si cha bati, si cha plastiki, maana atavisikia hata akiwa usingizini.

Njiani tulitembea bila kushikana mikono. Mara ya kwanza tangu harusi. Karibu na nyumbani akasema, bila kuniangalia:

"Ungeuliza tu."

Nikamjibu: "Ungesema tu."

Naandika yeye akiwa kanipa mgongo, na hata mgongo wake ni mzuri, na hilo linanikera zaidi.


Jumatano, 12 Juni

Tumezunguka kila mahali. Mwenye duka la ala kasema cha kadibodi hajaletewa miaka na miaka, akatuonyesha cha plastiki. Roho yangu akakipuliza mara moja, akamrudishia. Mwenye duka akanikonyeza: "Shemeji, hiki kinafulika." Habari imeshafika mpaka dukani! Ule mdomo wa mpiga ngoma!

Kile kilicholowa nimekianika, nimekipaka gundi, nimekifunga uzi. Leo amekijaribu. Kimetoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Tukaangaliana — tukacheka! Tulicheka mpaka Wifi akagonga ukuta. Nikalala kifuani kwake nikamwambia yote, moyo, rangi ya kucha, mapaja ya kushonewa. Akasema hakuwahi hata kuuona huo moyo. Nani anachungulia ndani ya kizibo?

Namwamini. Nadhani namwamini.

Kisha akasema, polepole, kama mtu anayekanyaga vigae vya chupa: vilikuwa viwili. Kingine alibaki nacho Sukari.


Jumatatu, 17 Juni

Amempigia Sukari simu. Mbele yangu, spika wazi, nilitaka mwenyewe.

Sauti gani ile! Nzito, ya kukwaruza, kama mtu kaamka sasa hivi na hana haraka ya kuondoka kitandani. Nikaelewa kila kitu na sikupenda.

Akasema kipo. Amekigeuza chombo cha maua ya plastiki, kinakaa juu ya friji. Roho yangu akasema atapita kukichukua.

"Wewe sikupi," akasema. "Mtume mkeo. Nataka nimwone huyo dobi."

Dobi! Nikapiga kelele kwamba siendi, hata kama Kanali atapiga magoti. Kule upande wa pili akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo baya. Roho yangu akakata simu.

"Usiende kama hutaki," akaniambia.

Na anamaanisha. Hanisukumi, hasemi nimemponza. Angenilaumu ningepata pa kushika!


Alhamisi, 20 Juni

Hapigi tena. Anaifuta tarumbeta kwa kitambaa, anaitia mafuta, anairudisha kwenye sanduku. Jana pia. Chumba kiko kimya mpaka unasikia sindano ya Wifi ikitoboa nguo.

Leo Wifi mwenyewe kaja mlangoni. "Mbona hapulizi?"

Nikamwambia si ulitaka apulizie chooni?

"Nilisema apulizie chooni. Sikusema aache." Akanitazama juu mpaka chini, kwa ile futi yake ya macho. "Ndugu yangu akiacha, mtakaa hapa mpaka mzeeke. Na mimi sina nguvu ya kukuona kila asubuhi."

Kwa mara ya kwanza tunakubaliana jambo!

Nimemwangalia roho yangu akiwa kalala, mchana huu, kabla ya zamu ya pili ya gereji. Midomo yake inajikunja, inapiga usingizini, bila tarumbeta, bila kizibo, bila mimi. Siwezi kuvumilia hilo.

Haya. Siendi kuomba, naenda kuchukua. Sikai. Sinywi chochote. Sitazami picha ukutani wala mapaja ya mtu. Kabla mwezi haujaisha nitagonga mlango wako, Sukari — na ole wako unikaribishe vizuri.