Mitungi Niliyoifunga Mwenyewe

Jumatatu, 6 Februari 1984

Nimeamka saa kumi na moja. Hakuna kazi inayoningoja lakini mwili haujui. Nimefagia mlangoni. Chai, mkate wa jana. Goti la kulia linauma tena.

Kitabu hiki ni cha shifti. Kilibaki na kurasa nyeupe nilipostaafu, nikaondoka nacho. Naandika kama kule kiwandani: siku, tarehe, kilichotokea. Miaka thelathini na moja nimejaza mitungi ya gesi. Wenzangu wengine wameacha vidole huko. Mimi ninavyo vyote kumi. Hapa mtaani Kaloleni hakuna mtu anajua mtungi kama mimi, na wakijifanya wanajua ni uongo.

Barua ya Nekesa imefika. Binti yangu. Alienda Pwani kutandika vitanda vya hoteli, sasa anashusha wageni chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni. Anasema niende likizo wiki mbili. Tikiti ya treni iko ndani. Mama Nekesa amekataa, anasema maji mengi hivyo ni ya samaki. Nitaenda peke yangu.

Nimemwambia Njoroge wa bucha pale soko la Burma kwamba nitashuka mpaka kwa meli iliyozama. Akasema, "Mzee, wewe hata beseni unaliogopa." Watu wakacheka mpaka na kisu kikawekwa chini. Wataona.

Ijumaa, 10 Februari

Nimefika. Mgongo umekatika kwa treni, halafu basi. Joto kama la kwa boila.

Nekesa amekuwa mweusi kama chungu. Mabega ya mwanamume. Wageni wanamwita kwa jina na wanamngoja aseme ndiyo wafanye. Sikumwambia nimefurahi. Nilimwambia amekonda.

Mwenye mashua na mitungi ni Bwana Rolf. Mzungu, lakini Kiswahili chake kinashinda cha Njoroge. Nilimwambia kazi yangu. Nikagonga mtungi mmoja kwa kidole, nikamwambia huu umebaki nusu. Akatazama geji. Nusu. Tangu hapo ananiita Fundi. Mtu mwenye akili.

Jumapili, 12 Februari

Nimefundishwa leo. Viatu vya bata, miwani ya kioo, kidude cha kuuma mdomoni. Maji ya kiuno tu. Nimekunywa chumvi ya mwaka mzima. Nilimwambia Nekesa miwani ni mbovu. Akaivaa yeye, akazama, akatoka kavu usoni.  Anafundisha kama mama yake: anasema mara moja halafu anangoja.

Nimechoka. 

Jumatatu, 13 Februari

Nimeshuka kwenye matumbawe. Kina kama urefu wa nyumba yetu, si zaidi, lakini nimeshuka.

Maji ni moto kama ya ndoo iliyoachwa juani. Unasikia pumzi yako tu, kubwa, kama mashine ya kujazia. Mawe yako hai. Mengine kama kabichi, mengine kama ubongo wa ng'ombe. Samaki wa manjano wamejipanga kama gwaride. Mmoja mwenye midomo ya buluu alikuja akanitazama. Hakuogopa. Mimi pia sikuogopa.

Nililia kidogo ndani ya miwani. Sijui kwa nini. Hakuna aliyeona.

Nekesa alinishika mkono juu ya kiganja, vile nilivyokuwa nikimshika tukivuka Jogoo Road.

Tulipotoka nikasema kesho ni meli. Akasema, "Baba, meli iko chini sana. Wewe ni wa hapa penye jua." Mbele ya wageni. Nimekasirika. Sikula chakula cha jioni.

Jumanne, 14 Februari

Naandika kidogo. 

Tulienda kwenye meli. Ya mizigo, ilizama zamani. Kutoka juu ni kivuli tu, kirefu, cheusi. Wageni wanne, Nekesa, na nahodha kule nyuma kwenye injini. Mimi nikaambiwa nikae chini ya turubai na chupa ya chai. Kama mgonjwa. Mimi.

Nekesa alizifungua koki zote za mitungi asubuhi kule mchangani, akajaribu moja moja. Nilimwona. Mitungi ikapandishwa hivyo, wazi, na mashua inacheza. Kiwandani mtungi ulio wazi hausafiri. Ukiukuta kwenye lori unafunga kwanza, unauliza baadaye. Niliwafukuzisha kazi vijana wawili kwa sababu hiyo.

Wageni walikuwa wanatazama pomboo upande ule mwingine. Mkono wangu ukafunga. Mtungi wa kwanza. Wa pili. Nekesa akaita watu wavae na mimi nikarudi kwa chai yangu. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Aliuliza kila mtu kama hewa iko. Wote wakainua dole gumba. Bombani huwa kunabaki pumzi mbili tatu hata ukifunga. Mtungi wa kwanza ulivaliwa na mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe; alizimaliza akishuka.

Nekesa alimtoa. Alimpa hewa ya mdomo wake mwenyewe na kumvuta juu. Mama alikuwa na damu puani, anatapika maji. Nimesikia watu wakilia kazini, lakini si vile.

Mtungi wa pili ulikuwa wa akiba. Wote walipokuwa wameinama juu ya mama, niliufungua tena.

Nimeandika. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano, 15 Februari

Yule mama wa Kizungu yuko hospitali. Ataishi. Kifua kimeingia maji.

Bwana Rolf alituita. Nekesa akasema, "Nilizifungua koki zote, na nikajaribu zote." Bwana Rolf akasema mtungi wa mama ulikuwa umefungwa kabisa na ile mingine yote iko wazi, sasa yeye aelewe nini? Halafu akanigeukia. "Fundi, wewe ulikuwa pale. Uliona nini?"

Nikasema nilikuwa nakunywa chai.

Amesimamishwa kazi mpaka Bwana Rolf aamue. Nekesa hakulia. Alikunja nguo zake.

Ijumaa, 17 Februari

Tumerudi pamoja. Safari nzima alikaa dirishani. Nilidhani anatazama nje. Alikuwa anazungusha kiganja. Kushoto, kushoto, kushoto, kama mtu anafungua koki. Anasimama. Anaanza tena.

Mama Nekesa alituona mlangoni akauliza mbona siku zimepungua. Nikasema nimechoka. Hiyo ilikuwa kweli.

Jumapili, 19 Februari

Nilienda Burma. Kukaa nyumbani kulinishinda.

Njoroge akapaza sauti, "Jamani, mpisheni baharia." Wakaniwekea kiti. Wakauliza habari ya meli. Nikasema nilishuka. Nikasema nilishika mlango wake kwa mkono huu. Njoroge akauliza, "Ulipiga hodi ama uliingia tu?" Kijana mmoja wa makanika akasema, "Buda, na mabaharia je, walikuwa ndani bado?" Wote wakacheka. Nikacheka. Nikaendelea. Nikasema kina cha ghorofa kumi.

Nyama sikuila. Nilifunga kipande kwenye gazeti nikampelekea Nekesa. Alisema ahsante Baba.

Jumatano, 22 Februari

Nekesa anakagua jiko la mafuta mara tatu kabla ya kutoka. Anazima, anatazama, anafika kwenye lango la nyumba za jirani, anarudi. Binti huyu tangu utoto hakagui kitu mara mbili. Akifanya amefanya.

Leo akiwa anachambua sukuma wiki aliniambia, "Baba, labda nilisahau. Kichwa kinaniambia nilifungua. Lakini kama kichwa kinanidanganya, siwezi kumshika mtu mkono nikamshusha chini."

Nikamwambia apunguze chumvi.

Ijumaa, 24 Februari

Hakuna la kuandika. Nimekaa. Goti.

Mama Nekesa ameniuliza mara mbili kama ninaumwa. Nikamfokea.

Jumamosi, 25 Februari

Nekesa amepata kazi ya kupakia biskuti kwenye kiwanda fulani kule Industrial Area. Aanze Jumatatu. Alituambia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Akasema hatarudi Pwani hata akiitwa, mtu asiyeamini mikono yake akae na biskuti. Mama yake akasema afadhali, kazi ya hatari imeisha.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka. Nikasema, "Ni mimi nilifunga."

Hawakuelewa. Nikasema tena. Nikaeleza ya lori, ya kiwandani, mtungi wa kwanza na wa pili. Nikaeleza na ule wa akiba niliofungua. 

Nekesa alikaa chini sakafuni.  Akatazama mkono wake wa kulia, mbele, nyuma. Halafu akasema, "Siku kumi na moja, Baba. Na umeniona nikirudi kwa lile jiko."

Nikaanza kusema kwamba kiwandani sheria ni sheria. Mama Nekesa akasema, "Baba Nekesa, nyamaza." Miaka thelathini na nane ya ndoa hajawahi kuniambia hivyo. Nikanyamaza.

Jumatatu, 27 Februari

Hakuenda kwa biskuti. Hasemi na mimi pia. Ananipita kama mimi ninavyopita nguzo ya stima.

Jioni aliweka karatasi na kalamu mezani mbele yangu. "Usiniambie mimi. Andikia Bwana Rolf." Nikasema ataniona mimi ni mtu wa namna gani. Akasema, "Atakuona ulivyo."

Mama Nekesa akataka kuniandikia, mwandiko wake ni mzuri. Nimekataa. Nimechafua kurasa nne. Kitabu cha shifti ni rahisi, unaandika namba na sahihi. Hii ni nyingine.

Jumatano, 29 Februari

Nimemaliza. Nainakili hapa nisije nikasema baadaye niliandika vingine.

Bwana Rolf. Mtungi wa mama ni mimi niliufunga. Nekesa alifungua yote, nilimwona kwa macho yangu. Nilifunga kwa sababu ya mazoea ya kazini na kwa sababu nilikasirika kuketishwa. Ule wa akiba niliufunga pia nikaufungua watu walipokuwa hawatazami. Uliponiuliza nilidanganya. Mimi si fundi wa mitungi yako. Mpe mtoto kazi yake. Mwambie mama mgonjwa ni mimi.

Nilitia sahihi ile ya kiwandani. Nekesa alisoma. Akarekebisha neno moja. Akalamba bahasha akaifunga yeye.

Nilitembea nayo mpaka posta. Ningeweza kumpa mtu. Nilitembea.

Jumatatu, 5 Machi

Burma. Njoroge akaanza, "Baharia, tupe ile ya mlango." Kulikuwa na wageni wawili aliotaka wanisikie.

Nikasema sikushuka kwenye meli. Nilishuka penye watoto wanaogelea. Nikasema na mengine pia, yote, nimesimama. Kijana wa makanika alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye.

Njoroge alifuta kisu kwa aproni. Alifuta muda mrefu kisu kilichokuwa safi. Mwisho akasema, "Na huyo mama alipona?" Nikasema sijui. Akasema, "Kaa basi, mzee." Hakuna mzaha uliofuata. Ningependa ungefuata.

Ijumaa, 9 Machi

Nekesa ameniomba chumvi mezani. Neno la kwanza tangu ile bahasha.

Jumatano, 14 Machi

Majibu yamekuja. Barua mbili ndani ya bahasha moja.

Ya Nekesa aliisoma peke yake akiwa amesimama nje, halafu akampa mama yake. Arudi kazini. Bwana Rolf ameomba radhi. Anasema alipaswa kuamini mkono anaoujua.

Yangu ni fupi. Mama wa Kizungu amepona na amerudi kwao. Amesema ananisamehe. Bwana Rolf yeye hajasema hivyo. Anasema nisipande mashua yake tena, wala mimi wala mtu mwingine wa familia ya mfanyakazi yeyote; sheria hiyo ameibandika ukutani. Juu ya barua ameniandika Mzee. Si Fundi.

Nimeisoma mara tatu. Ni haki.

Ijumaa, 16 Machi

Nekesa ameondoka. Tulimsindikiza mpaka stesheni, mimi na mama yake, kwa miguu kupitia barabara ya Landhies. Nilibeba begi. Aliniachia nilibebe.

Alimkumbatia mama yake. Mimi alinipa mkono. Akaushika kidogo zaidi ya ilivyo desturi, akautazama, akauachia. Alisema ataandika. Hakusema niende.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia: akae upande gani, begi aliweke wapi, asinunue chakula Voi. Sikusema hata moja. Alipanda akachagua kiti chake.

Tumerudi polepole kwa sababu ya goti. Mama Nekesa ameteka maji. Nimekunywa chai, nimevua viatu.