Mkate wa Saa Nne

Kikuyu, Dodoma
10 Agosti 1999

Mdogo wangu mpendwa Ritha,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Gideoni na wote mlio hapo Nzuguni. Mnaendeleaje? Mkono wako wa kulia umepata nafuu, au bado unaamka umekufa ganzi? Uliponiaga Jumapili nilikuona ukikaza fundo la kanga kwa meno kwa sababu vidole havikukubali, na tangu saa ile sijapata amani.

Mimi bado nipo. Maji ya miguuni yamepanda mpaka magotini, pumzi ni fupi, na daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Anasema nikijisikia vibaya niende tu. Nimefundisha watoto kusoma miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo na hilo nimelisoma. Naandika nimeegemea mito mitatu, mistari michache kisha napumzika. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usidhani kuna mtu ananiandikia.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati juzi tu ulikuwa hapa. Ulikaa kando ya kitanda changu saa nzima, nami mara tatu nilifungua mdomo nikuambie jambo, mara tatu nikaomba maji. Mdomo wangu umezoea mno kusikilizwa kwa heshima. Nimeona niujaribu mkono.

Turudi mwaka wa tisini na tatu, mlipokuwa mnakaa kwangu na Erick akaanza darasa la kwanza katika shule niliyokuwa mwalimu mkuu. Unakumbuka alivyokuwa: tumbo kama ngoma, miguu kama njiti, kuharisha kusikoisha. Ulimpeleka hospitali ya misheni, mkalala huko siku tisa. Daktari akakueleza kwamba utumbo wa mtoto haupatani na ngano, na kwamba mkate, maandazi, chapati, tambi na biskuti vitakuwa mwiko kwake maisha yote. Akasema una bahati umezaliwa Ugogoni, maana uwele, mtama, mahindi, mchele, viazi na karanga havina neno. Ulirudi nyumbani ukicheka, ukasema Mungu amempa mwanao ugonjwa ambao dawa yake iko shambani kwetu.

Sijaona mama aliyefunga chakula cha shule kama wewe. Jumatatu ugali wa uwele uliopoa, umeukata vipande na kuvipaka karanga zilizosagwa. Jumanne viazi vitamu na yai la kuchemsha. Jumatano vitumbua vya mchele ulivyochoma mwenyewe, usivinunue barabarani kwa kuwa hujui kikaango kile kimechoma nini. Siku nyingine kunde na kipande cha boga, na msimu wake ukifika, kishada cha zabibu. Kila kitu kilikaa mahali pake ndani ya bakuli la bati lenye mfuniko. Ukalifunga kwa kitambaa safi, ukaenda kazini kwako kupiga chapa.

Na unakumbuka miaka ile ilivyokuwa. Sisi tuliopanga foleni ya sukari na sabuni tulianza kuona maduka yanajaa. Mkate mweupe ukaja umekatwa tayari, uko ndani ya karatasi inayong'aa. Watoto wa maofisa na wa watu wa Bunge, waliotoka kila pembe ya nchi, walikaa barazani saa nne na mikate yao yenye siagi. Erick akifungua bakuli, walimwita Kwelea. Wakapiga makofi na kupaza sauti kama watu wanaoamia ndege shambani, wakimwambia aruke aende zake, mavuno yenyewe haba. Alikuja kukusimulia, nawe ukamwambia kwelea si mjinga, hugusa punje iliyojaa tu. Akacheka, kesho yake akala mbele yao huku akipigapiga mabawa.

Muhula wa kwanza alinenepa. Muhula wa pili ulipoanza, tumbo likarudi. Hapo ndipo ulipopagawa, mdogo wangu. Ulikagua masufuria, ukatupa mwiko wangu wa zamani, ukanikataza kukanda chapati ndani ya nyumba yangu, nami nikakubali kwa upole. Ulirudi kwa daktari. Akakuuliza unga unasagia wapi. Ukamwambia kwa Mbaruku, na daktari akasema labda mashine hiyo inasaga ngano pia na masalia yake yanaingia kwenye uwele wako.

Ulimwendea Mbaruku mbele ya wateja. Akaapa kwa Mungu kwamba tangu babu yake alipokuja hapa na misafara hajapata kumwona Mgogo aliyejitwika debe la ngano, na ukimwona umletee, atamsagia bure apige naye picha. Wanawake wakacheka. Wewe ukamwambia kwamba mashine imemuua masikio na unga umemuua macho, hata ukimmiminia saruji atasaga. Tangu siku ile ukawaambia wote uwajuao wasipeleke kwake nafaka ya mtoto mgonjwa. Walikusikia. Mkewe Shamila mpaka leo ananipita njiani bila salamu, nawe ulidhani ni majivuno.

Ukalitoa jiwe la mama yetu kule uani. Kila alfajiri ulipiga magoti ukasaga, kabla ya kazi, uwele wa siku ile tu. Vidole vikavimba. Ukaanza kufika ofisini umechelewa, na barua ulizopiga chapa zikarudishwa kwa makosa. Orodha ya kupunguzwa kazi ilipobandikwa, jina lako lilikuwa la nne. Nilikushika mabega nikasema ndiyo mageuzi hayo ya serikali, hayachagui mtu.

Mwezi wa kumi Erick akaanguka mstarini asubuhi. Baada ya hapo akapona kidogo kidogo, mashavu yakarudi, na Krismasi ile alikula akaongeza. Ukasema jiwe limemponya. Ukatoa ushuhuda kanisani. Miaka sita sasa unga wa mashine haujaingia kinywani mwa mtoto yule, na miaka sita unapiga magoti.

Ritha, ngano haikutoka mashineni kwa Mbaruku. Ilitoka mikononi mwangu.

Wiki ya kwanza ya muhula ule wa pili kulikuwa na kikao cha kamati ya shule. Tulipotoka nje, mama mmoja, mke wa ofisa mkubwa, alimwona Erick akila ugali wake wa uwele. Akauliza kwa huruma ni mtoto wa nani yule maskini anayekula chakula cha njaa, ili awe anamletea mkate. Walimu wangu wakaniangalia mimi nijibu. Nami nikasema ni mtoto wa watu wa kijijini, nimemhifadhi tu. Erick alikuwa hatua tano kutoka nilipokuwa. Alinyanyua macho akanitazama, kisha akaufunika ugali kwa mkono.

Kesho yake saa nne nilimwita ofisini kwangu, nikampa vipande viwili vya mkate na siagi. Alifurahi, akala haraka haraka. Kesho kutwa tena. Nilimwambia asikuambie, na alipouliza kwa nini, nikamwambia mama yake akijua atapata uchungu mkubwa na anaweza kufa. Nilimwambia hivyo mtoto wa miaka saba.

Mwanzoni nilijidanganya kwamba daktari amekosea. Mimi nilisoma kwa masista, nilifundisha sayansi kimu, nilichora mkate ubaoni mara ngapi nikiandika chini yake chakula cha kutia nguvu. Mkate ndio uliokuwa zawadi yetu bwenini. Nani aliyepata kuugua kwa mkate? Lakini elimu hiyo ilidumu wiki tatu tu. Tumbo lilipovimba niliona. Ulipoanza kusaga kwa jiwe nilijua. Nililala chumba cha pili nikisikia jiwe likienda na kurudi, kisha nikaamka, nikapita mbele yako, nikakusalimu, nikakupa pole kwa kazi, nikaenda dukani kununua mkate. Muhula karibu mzima, Ritha.

Na lile bakuli la bati ulilolikuta tupu kila siku? Nililila mimi. Nilifunga mlango wa ofisi kwa ufunguo nikala uwele na karanga zako, na vitumbua, na kunde, mpaka nikafuta mfuniko kwa kidole, kwa kuwa ulikuwa mtamu kama wa mama na kwa kuwa hakuna aliyeniona. Chakula nilichokionea haya mkononi mwa mtoto, nilikila mimi mwalimu mkuu. Nawe jioni ukifungua bakuli unasema amemaliza chote, Mungu ashukuriwe. Nami nilisema amina.

Siku aliyoanguka nilimbeba mwenyewe mpaka ofisini, akawa mwepesi kuliko madaftari. Mkate ulikoma siku hiyo. Hicho ndicho kilichomponya. Ningeweza kukuambia jioni ile ile. Kazi yako ilikuwa imeshakwenda na ungeniuliza kwa sababu gani, na sababu yenyewe ni kwamba niliona haya mbele ya mke wa ofisa ambaye hata jina lake sasa silikumbuki.

Sikuupata ujasiri huu wa kusema kwa sala wala kwa ugonjwa. Wiki iliyopita Erick aliniletea uji. Aliniamkia, akaniinua, akanishikia kikombe. Kisha akasema, akiwa ameelekea dirishani, kwamba mama yake sasa hawezi kuchana nywele zake mwenyewe. Akaniuliza kwa adabu kabisa, kama anayeuliza nikuwekee sukari, je, Mama Mkubwa utasema wewe, au niseme mimi? Ana miaka kumi na mitatu. Tangu akiwa na saba anakuangalia ukisaga, anajua, na ananyamaza ili usife.

Basi nakuomba. Acha jiwe. Hata kesho asubuhi usilishike. Mkono wako haukupaswa kufika hapo. Juzi nilimwita Mbaruku, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kofia yake. Hakunitukana. Aliuliza tu kama naweza kuyasema hayo mbele ya wanawake mashineni, kwa sababu kwake peke yake hayamsaidii kitu. Nikamwambia siwezi kutembea. Akasema ana mkokoteni wa kubebea magunia, ataupangusa unga na kutandika godoro. Nimekubali. Ijumaa saa mbili, kabla hajawasha mashine. Hana ngano mle wala hajapata kuwa nayo. Ukitaka, kague mwenyewe. Ukija utanisikia. Usipokuja nitasema vilevile, na nitalitaja jina lako kwa heshima, kwamba hukukosea kipimo hata siku moja.

Sikuombi unisamehe kabla sijafa, kwa maana hiyo ingekuwa kukuharakisha. Usimkemee mtoto.

Nilipofika mstari huu nilimpa Erick asome, kwa sababu ndiye atakayeileta barua na sitaki abebe tena kitu kilichofungwa. Alisoma polepole. Nikamuuliza kama nimepunguza neno. Akarudi nyuma kwenye ukurasa, akaweka kidole pale nilipoandika kwamba alifurahi, akala haraka haraka. Akasema hapo si kweli. Akasema alikuwa akilia, na kwamba kila siku aliniomba chakula cha mama yake, nami nilimwambia amalize mkate kwanza, huku nakitafuna.

Ni kweli, Ritha. Nilikuwa nimelisahau, au nilikuwa nimelificha hata hapa. Nimeuacha mstari ule kama nilivyouandika, uone jinsi dada yako anavyosema uongo hata akiwa anatubu.

Nisalimie shemeji, na majirani wanaoniulizia. Nakuombea mkono upone na usingizi wa alfajiri urudi.

Ni mimi dada yako,
Anjelina