Utani Wangu Msibani kwa Athumani

Nyamisati, Jumatatu

Nimemkosea Athumani, na sasa hawezi hata kunisamehe.

Redioni Dar alichekesha watu, akiigiza mume anayekimbizwa na wake watatu. Mwenyewe hakuoa. Miaka tisa, kila likizo alifikia kwangu. Watu walisema ni marafiki tu, nami nikasema hivyo hivyo.

Jana tumemzika kwao Mchukwi, kifua kimemuua. Mimi ni mtani wao, na mtani ndiye achekeshaye msibani. Wakaanza kunichokoza, "Mtani, mbona leo umemeza ulimi?" Nikaogopa machozi yatanitoa siri. Nikaiga mwendo wake, mikono imelegea, nikapaza sauti, "Mabinti wote mliompa aliwakimbia! Huko ahera atajificha kwa nani?"

Walicheka sana. Mama yake, Bi Zuhura, alijifunika kanga uso mzima.

Saidi, kaka yake, hakucheka. Akanisogelea. "Na hapa duniani, mtani, alikuwa anajificha kwa nani?"

Akasema sanduku la marehemu limeshaletwa kutoka Dar, litafunguliwa Ijumaa baada ya hitima. Mna barua zangu mle. Saidi husoma polepole, kwa sauti, neno moja moja.

Ningeweza kupanda chombo kesho nikapotelee kisiwani Mafia. Lakini yule mama atazisikia barua kwa Saidi, abaki anaamini mwanawe alikuwa wa kuchekwa tu.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, nitampigia magoti Bi Zuhura, nimwambie kwa kinywa changu kwamba nilimpenda mwanawe, na kwamba niliyoyasema msibani yalikuwa woga wangu.